Hesabu ya mwanafizikia, nani anaikagua?

Ukimwambia mtu kwamba mwanafizikia anaweza kuidhuru jamii, atafikiria bomu mara moja. Mimi ni mwanafizikia tiba, kazi yangu ni kwenye kitengo cha mionzi hospitalini, na hatari ninayoiona iko karibu zaidi. Mgonjwa wa saratani anapolala chini ya mashine, dozi imeshaandikwa na daktari. Ila mionzi iwake sekunde ngapi ili dozi hiyo ipatikane, hilo hutoka kwenye hesabu zangu. Mgonjwa hawezi kuzikagua. Muuguzi naye hawezi. Hata daktari, mara nyingi, huzipokea kama zilivyo.

Niwaonyeshe kazi yenyewe. Kwenye mashine za kobalti-60, metali inayotoa mionzi, chanzo hicho cha mionzi hupungua nguvu kwa takriban asilimia moja kila mwezi, kwa hiyo muda wa tiba lazima urekebishwe. Kupima nguvu yake tunajaza maji kwenye tangi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, tunazamisha kifaa kidogo chenye hewa ndani, kisha tunasoma chaji ya umeme inayozalishwa mionzi inapopita kwenye hewa ile. Kabla ya kuandika namba yoyote tunatazama kipimajoto na barometa, yaani kipimo cha shinikizo la hewa. Nairobi, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano, na kifaa husoma pungufu kwa kiasi hicho hicho. Anayesahau kusahihisha ataamini mashine yake ni dhaifu, ataongeza muda, na kila mgonjwa atapata dozi iliyozidi kwa karibu robo. Kwenye karatasi kila kitu kitaonekana sawa.

Mambo ya namna hii yameshatokea. Mwaka 1996, hospitali moja ya San José, Costa Rica, iliweka chanzo kipya cha kobalti-60. Aliyekipima aliona dakika 0.3 kwenye saa ya mashine akazichukua kuwa sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Kwa kosa hilo moja chanzo kikaonekana dhaifu kuliko kilivyo, muda wa tiba ukarefushwa, na wagonjwa 115 wakapata dozi iliyozidi kwa asilimia 50 hadi 60. Baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Chanzo kipya kina nguvu kuliko kilichochakaa, na muda wa tiba ulipaswa kufupika sana. Mtu wa pili mwenye kalamu angeweza kushtuka siku ya kwanza.

Sasa lile bomu. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, visiwa vya Marshall. Wataalamu walikadiria nguvu ya megatoni 6 hivi, yaani sawa na tani milioni 6 za baruti ya TNT. Zikatoka 15. Walikuwa wamedhani lithiamu-7, aina moja ya metali ya lithiamu, ambayo ilikuwa sehemu kubwa ya lithiamu iliyomo kwenye bomu, ingekaa bila kufanya lolote. Ilipogongwa na nyutroni zenye kasi, chembe zinazotoka ndani ya atomi, ikazaa tritiamu, haidrojeni nzito, na tritiamu ikaukoleza mlipuko. Majivu yenye mionzi yakawaangukia watu wa Rongelap, visiwa vya jirani, na wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini kwa shughuli zao. Mmoja wa wavuvi hao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huohuo. Ni dhana ileile isiyopata mtu wa nje wa kuihoji, safari hii ikiwa imefungiwa ndani ya siri ya jeshi.

Katika habari hii ninayemheshimu kuliko wote ni Joseph Rotblat, Mpolandi aliyefanya kazi Los Alamos, maabara ya Marekani iliyotengeneza bomu la kwanza la atomiki. Mwishoni mwa 1944, ilipodhihirika kwamba Ujerumani haitengenezi bomu, aliona sababu iliyompeleka kule imekwisha, akaondoka. Baadaye akawa profesa wa fizikia katika hospitali ya St Bartholomew's, London, kwenye fani hii hii yangu. Baada ya Bikini alichukua takwimu za majivu yale kutoka kwa mtaalamu wa Kijapani, Yasushi Nishiwaki, akapiga hesabu, akagundua kwamba nguvu nyingi ya bomu lile ilitokana na kupasuliwa kwa atomi za urani, na ndiyo maana uchafu wa mionzi ulikuwa mkubwa kiasi kile. Akachapisha mwaka 1955, watu wakajua waliyokuwa wamefichwa. Mwaka 1995 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema sisi hutafuta maarifa tu, matumizi ni ya wanasiasa. Kama hesabu yetu haiwezi kusomwa na yule itakayemwangukia, basi ni juu yetu kumtafutia mtu wa nje wa kuikagua. Kwenye tiba ya mionzi njia ipo tangu 1969. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma hospitalini, kwa posta, vipimadozi vidogo. Unavipiga mionzi ya grei 2 (grei ni kipimo cha dozi) kama ungemtibu mgonjwa, unavirudisha, na maabara ya Seibersdorf karibu na Vienna inasoma ulichotoa kweli. Tofauti ikizidi asilimia 5 wanakuuliza, na mnatafuta chanzo chake pamoja.

Huo ni utaratibu wa bei ndogo sana ukilinganisha na mashine yenyewe, na nasikitika kila nikisikia unaahirishwa kwa kisingizio cha foleni ya wagonjwa. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza: mashine hii ilikaguliwa lini na mtu wa nje, na tofauti ilikuwa asilimia ngapi? Jibu liwe kwenye faili, na mwanafizikia aliye zamu awe tayari kulionyesha.