Jibu la chanjo huharibikia kwenye tyubu ya damu

Madaktari vijana hapa Moshi wanaotaka kubobea katika kinga ya watoto na utafiti wa chanjo huuliza kwanza kuhusu mashine za maabara. Ningependa waanzie kwenye meza ya kutolea damu. Damu ikiharibika pale, hakuna mashine itakayoitengeneza.

Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito. Wa miezi tisa mwenye kilo 8 anazo kama 640. Kanuni inayofuatwa sana ni kutozidi asilimia 1 kwa mara moja na asilimia 3 ndani ya wiki nne, maana yake mililita 6.4 kwa siku hiyo, basi. Mama akihofia kwamba mnammalizia mwanawe damu, ana haki kabisa. Mwonyesheni tyubu yenyewe kabla hajatia saini.

Kwa kawaida damu hugawanywa sehemu mbili. Tyubu ya kifuniko chekundu ni ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ambamo tunapima kingamwili. Iache wima angalau dakika 30 igande. Ukiizungusha mapema kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, nyuzi za fibrini (protini inayogandisha damu) hubaki kwenye seramu na kuziba pipeti. Ukivuta bomba kwa pupa kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na seramu hutoka ya waridi.

Tyubu ya pili, yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya chembe nyeupe hai. Igeuze taratibu mara nane hadi kumi, usiitikise. Halafu, tafadhali, isikae kwenye barafu! Kosa hili hufanywa kwa nia njema: gari linatoka Rombo au Same, kila kitu kimewekwa kwenye boksi moja la baridi. Seramu iliyokwisha kutenganishwa itafurahia humo. Damu ya chembe hai inataka nyuzi 18 hadi 25. Ikipoa, au ikichelewa sana, granulositi (chembe nyeupe tusizozihitaji hapa) hubadilika na, wakati wa kutenganisha, kubaki kwenye utando uleule wa limfositi, chembe nyeupe tunazozitafuta, na seli T, ambazo ni aina ya limfositi, hulegea. Baadaye mtafiti anasoma mwitikio dhaifu na kuilaumu chanjo. Asubuhi ya Julai kule Marangu hata chumba huweza kushuka chini ya nyuzi 18, kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya boksi.

Lenga muda usiozidi saa nane tangu kutoa damu hadi kugandisha chembe kwa baridi kali, na uandike muda wa kutoa damu kwenye tyubu, siyo kwenye fomu peke yake. Wakati wa kutenganisha chembe, zima breki ya sentrifuji, la sivyo utando wa limfositi unavurugika. Kugandisha ni kwa DMSO asilimia 10, kemikali inayokinga chembe zisipasuliwe na barafu, joto likishuka nyuzi moja kwa dakika hadi −80, kisha kwenye nitrojeni kimiminika. Ukishachanganya DMSO usisimame kuongea. Inaziumiza chembe zikiwa kwenye joto la chumba.

Panapohitaji akili zaidi ni kusoma matokeo. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo, na kipimo cha kawaida hakitofautishi za mama na zake. Za mama hupungua kwa nusu kila baada ya takriban mwezi. Tuseme kabla ya chanjo umepata kiwango cha kingamwili cha 100, na mwezi mmoja baadaye 80. Inaonekana kinga imeshuka. Lakini za mama zilipaswa kubaki kama 50, hivyo takriban 30 ametengeneza mtoto mwenyewe. Bila sampuli ya kabla ya sindano, hesabu hii haiwezekani.

Kingamwili hizohizo huweza kuizima chanjo ya surua. Ikitolewa miezi tisa, takriban asilimia 85 ya watoto hupata kinga. Kwa miezi 12 ni karibu asilimia 95. Kusubiri nako kunamwacha mtoto wazi mahali ugonjwa unapozunguka, ndiyo maana Tanzania hutoa dozi ya kwanza miezi tisa na ya pili miezi 18. Ukichukua sampuli ya mtoto wa miezi 20, soma kadi yake ya kliniki kwanza uone kama dozi ya pili ameipata, na lini.