Bunduki kuukuu ya mitutu miwili: dhana potofu kuhusu alama zake

Mtu akirithi bunduki ya zamani ya mitutu miwili, cha kwanza anachosoma ni jina lililonakshiwa juu, pale mitutu inapoungana. Makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: jina hilo ni la fundi aliyeitengeneza.
Mara nyingi sivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, karakana za Liège, Ubelgiji, zilitoa bunduki nyingi za bei nafuu, na wafanyabiashara wakaagiza ziandikwe jina lolote linalouzika. "W. Richards" liliandikwa ili mnunuzi adhani amepata Westley Richards, kampuni ya Birmingham iliyoheshimika. Zipo pia zenye jina la Manton ambazo hukunjuka katikati na kupakiwa risasi kwa nyuma. Joseph Manton wa London alifariki mwaka 1835, muda mrefu kabla bunduki za namna hiyo hazijaenea.

Ushahidi uko chini ya mitutu. Hakikisha bunduki haina risasi, chomoa mitutu, igeuze, kisha futa mafuta kwenye sehemu bapa iliyo karibu na chemba, yaani tundu la nyuma risasi inapokaa. Utaona mihuri midogo iliyopigwa baada ya mtutu kujaribiwa, mingine haizidi punje ya mchele, kwa hiyo shika kioo cha kukuzia. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni muhuri wa Liège: ukiwa na taji juu, umepigwa kuanzia 1893, usipokuwa nalo, ni wa kabla ya hapo. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni za Birmingham, ambako nyumba ya kujaribia mitutu ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Herufi GP zilizosukwa pamoja chini ya taji ni za London.

Muhuri ninaoupenda kuliko yote ni maneno NOT FOR BALL. Waingereza waliyapiga kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu iliyobanwa kidogo mdomoni, kuonya kwamba isifyatuliwe risasi moja ya duara. Ukiyakuta, umeshajua umri wa mtutu kwa tofauti ya miaka 12 tu.

Dhana: mitutu ya "Damascus" imetoka Syria.
Jina limetokana na mawimbi yanayoonekana kwenye chuma. Vijiti vya chuma na feleji (steel) laini vilisokotwa vikiwa vya moto, vikazungushwa kwenye mhimili, vikafuliwa hadi vikashikana. Mingi ilifuliwa bonde la mto Vesdre, karibu na Liège.

Dhana: "Krupp" ndiye mtengenezaji, na 12 ni mwaka.
Kwa bunduki hizi, Krupp, kampuni ya Essen, Ujerumani, iliuza chuma cha mitutu tu. Namba 12 ni kipimo cha tundu, takriban milimita 18.5.

Dhana: ina muhuri, basi ni salama kufyatua.
Hili ndilo linaloniogopesha. Muhuri unasema mtutu ulivumilia jaribio siku ile, mara nyingi kwa baruti nyeusi ya zamani, si ya kisasa. Tangu hapo kutu imekula ndani, na pengine mtu ameukwangua ung'ae. Tena chemba nyingi za zamani ni za risasi yenye ganda la urefu wa milimita 65. Ya leo ya milimita 70 huingia bila shida, lakini ikilipuka ganda hufungukia mahali palipobana na shinikizo hupanda. Isipakiwe kabla fundi bunduki hajapima chemba na unene wa kuta za mitutu.