Mchoraji wa Miraba na Mistari: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Anachora miraba kwa sababu mti umemshinda."

Ndilo neno la kwanza kusikika, Mwanjelwa jijini Mbeya au Iringa mjini, mtu akionyeshwa picha ya Piet Mondrian. Mholanzi huyo alizaliwa Amersfoort mwaka 1872, akaingia chuo cha sanaa cha Amsterdam mwaka 1892, na kwa miaka mingi akachora mito, vinu vya upepo na miti. Tazama mti wake wa kijivu wa 1911: matawi yameanza kuwa mistari, ila mti bado unauona. Miraba ya nyekundu, bluu na njano ilikuja akikaribia miaka 50. Hata hapo aliendelea kuchora maua kwa rangi za maji ili apate fedha ya kula.

"Ukiwa na rula na tepu, kazi imekwisha."

Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia. Mondrian alifika New York mwaka 1940, akawa anabandika tepu za rangi kwenye kanvasi (kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu), anabandua, anasogeza. Alipofariki mwaka 1944, picha yake Victory Boogie Woogie ilikuwa haijakamilika, tepu zikiwa bado juu yake. Tepu ilimsaidia kutafuta mahali pa mstari. Uamuzi ulibaki wa jicho.

Kwa ukingo safi, anza na fremu. Kanvasi ya sm 60 kwa 60 pima kimshazari kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, mishazari yote miwili: kila kipimo kiwe karibu sm 84.9. Vikitofautiana, fremu imepinda na hakuna mstari utakaokaa sawa. Bandika tepu ya karatasi, kandamiza ukingo kwa mgongo wa kijiko, kisha pitisha kwanza rangi ileile iliyo chini ya tepu. Hiyo ndiyo inayoziba vitundu. Ukiiruka, rangi mpya itavujia chini. Ikikauka, paka rangi mpya matabaka 2 au 3 membamba. Bandua tepu tabaka la mwisho likiwa bado bichi, ukiivuta taratibu kwa kuikunja nyuma. Ukingoja likauke kabisa, rangi huchanika pamoja na tepu.

Mbeya ina shida yake. Asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na rangi ya akriliki haishikani vizuri kwenye baridi hiyo: hupasuka au hubaki kama unga. Paka kati ya saa tano na saa tisa mchana, kanvasi ikiwa imeshapata joto la chumba. Kuanzia Agosti adui ni vumbi. Eneo bapa la rangi moja halifichi hata punje.

"Nyeupe ni sehemu iliyoachwa wazi."

Sivyo. Nyeupe za Mondrian zimepakwa kwa matabaka, brashi ikibadili mwelekeo kutoka eneo moja hadi jingine, na mwanga wa pembeni huonyesha.

"Sanaa hii ni ya Ulaya, haituhusu."

Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu, aina ya majani, vinajibu vyenyewe: mlia uliokosewa hesabu chini huonekana hadi ukingoni. Anayetaka kujifunza kupanga mistari ahamishie milia ya kikapu kimoja kwenye karatasi ya miraba, kisha aongeze upana wa mlia mmoja tu kwa mm 5, aone mingine yote inavyodai kupangwa upya.