Kwa nini mlango wa watumwa wa Cape Coast una vibao viwili?

Ziara ya Ngome ya Cape Coast, nchini Ghana, huwafikisha wageni kwenye mlango wa mbao unaofungukia baharini. Kwa ndani kuna kibao kisemacho huu ni Mlango wa Kutorudi. Ukivuka na kugeuka nyuma, unakuta kibao kingine: Mlango wa Kurejea. Cha kwanza kinajieleza. Cha pili kina kisa chake, tena cha juzi tu.

Tuanze na mlango wenyewe, kwa nini uko pale. Pwani hii haina bandari ya asili na mawimbi yake ni makali. Meli kubwa zilitia nanga mbali, na mitumbwi ya Wafanti, wenyeji wa pwani hii, ndiyo iliyopeleka na kuleta shehena. Mateka aliyepitishwa mlangoni alikuta mchanga, akapakiwa mtumbwini, akapelekwa melini. Hadi leo nje ya mlango ule kumejaa mitumbwi, nyavu na makelele ya wavuvi. Wapo wageni wanaoona hilo ni kukosa heshima. Mimi nawaunga mkono wavuvi. Bahari hiyo iliwalisha watu wa Cape Coast kabla jiwe la kwanza la ngome halijawekwa.

Wazungu hawakuifuata pwani hii kwa ajili ya watumwa. Waliifuata dhahabu, ndiyo maana wakaiita Pwani ya Dhahabu. Wareno walijenga ngome ya Elmina, jirani na Cape Coast, mwaka 1482, na kwa miaka mingi walikuwa wakileta watumwa hapo kutoka upande wa ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, ili kuwabadilisha kwa dhahabu. Mashamba ya miwa ya ng'ambo ya Atlantiki yalipoanza kudai nguvukazi, mkondo ukageuka, na watu wakawa ndio wanaotolewa. Cape Coast, iliyoanzishwa na Waswidi mwaka 1653 na kutekwa na Waingereza mwaka 1664, ikawa kituo kikuu cha Waingereza cha biashara hiyo hadi walipoipiga marufuku mwaka 1807. Vyumba vya mateka viko chini, karibu havina mwanga wala hewa. Gavana aliishi juu, na juu ya shimo la wanaume palikuwa na kanisa. Hakuna kitu katika ngome ile kinachoniumiza kama mpangilio huo: watu waliimba zaburi, na chini ya sakafu yao kulikuwa na watu wamefungwa minyororo.

Biashara ilipokoma, ngome haikufungwa. Ilibaki makao ya serikali ya kikoloni hadi yalipohamishiwa Accra mwaka 1877, na baadaye ikatumika hata kama gereza. Kwa hiyo mwenyeji wa mji anaweza kuiona kama jengo la serikali tu, wakati Mmarekani mweusi anayeingia humo analiona kaburi la babu zake. Mitazamo hiyo iligongana miaka ya 1990, ngome ilipokarabatiwa: baadhi ya watu wa diaspora walilalamika kwamba chokaa nyeupe na taa vinaifuta historia. Kuta za nje zina haki ya kulindwa dhidi ya chumvi ya bahari. Lakini vyumba vya chini, kwa maoni yangu, viachwe na giza lake.

Sasa kibao cha pili. Mwaka 1998 Ghana iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Ukombozi, tarehe 1 Agosti, siku ambayo sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutumika mwaka 1834. Kwa ajili ya siku hiyo yaliletwa mabaki ya watu wawili waliokuwa watumwa: mwanamke aitwaye Crystal, kutoka Jamaika, na Samuel Carson, kutoka Marekani. Waliingizwa ngomeni kupitia mlango ule ule, safari hii wakitokea baharini, na ndiyo maana upande huo wa nje ukaitwa Mlango wa Kurejea. Kisha wakapelekwa bara, Assin Manso, penye mto ambamo mateka waliogeshwa kabla ya kumalizia mwendo wa kuelekea pwani, na wakazikwa hapo.

Baada ya hapo milango mingine ilifunguka. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 2000 iliwapa watu wa asili ya Afrika walioko diaspora nafasi ya kuomba haki ya kuishi Ghana. Mwaka 2019, miaka 400 tangu Waafrika waliotekwa wafikishwe Virginia, serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Kurejea, na mwezi Novemba ikawapa uraia watu 126.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kufika hadi Elmina pia. Hapo ndipo Waingereza walipomfungia Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Waashanti, mwaka 1896. Baadaye walimhamishia Shelisheli, na huko akaishi uhamishoni wakati mmoja na Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Prempeh alirudi kwao mwaka 1924. Wenzake wote wawili walifia nje ya falme zao.

Ukijaliwa kwenda, usianzie ngomeni kama watalii wengi wafanyavyo. Shika barabara ya Kumasi, anzia Assin Manso kwenye mto na makaburi yale mawili, ndipo ushuke pwani. Ndio mfuatano walioupitia mateka. Na ukiweza kuchagua tarehe, lenga mwisho wa Julai, uwepo Agosti mosi.