Loussier, Bach na kodi (chords) ambazo wapiga kinanda wa Dodoma wanazo tayari

Wazazi wanaoniletea watoto kujifunza piano hapa Dodoma huwa wananiuliza swali lilelile, mwalimu, huyu si amalize kwanza klasiki ndo aguse hiyo jazz? Vijana wanaopiga kinanda makanisani nao wanauliza kinyume chake, kwanini wahangaike na Bach, yule mtunzi wa klasiki wa Ujerumani, wakati wao wanataka vitu vya kuchangamka. Wote nawajibu kwa mtu mmoja, mpiga piano Mfaransa Jacques Loussier.

Huyu alizaliwa Angers, Ufaransa, mwaka 1934, akaanza piano akiwa na miaka 10, akapenda kipande kimoja cha Bach akakirudia weee mpaka akaanza kuongeza noti zake mwenyewe, kitu ambacho walimu wengi tungemkemea. Baadaye akaingia chuo cha muziki cha Conservatoire ya Paris chini ya Yves Nat, mpiga piano wa klasiki haswa, huku anapiga jazz baa ili maisha yaende, akawasindikiza na waimbaji akiwemo Charles Aznavour. Mwaka 1959 akaunda kundi la watu watatu, Pierre Michelot kwenye besi na Christian Garros kwenye dramu, wakaliita Play Bach, na albamu zao zikauzwa kwa mamilioni.

Sasa swali ni kwanini ilikubali. Wengi wanadhani alimchukua Bach akamwekea dramu basi, lakini chukua ile Prelude (kipande kifupi cha utangulizi) ya kwanza ya C meja, ambayo karibu kila mwanafunzi anaipitia. Kwa wale wa sol-fa kwaya, mstari (yaani bar) wa kwanza ni do mi so do mi, wa pili do re la re fa, wa tatu ti re so re fa, wa nne unarudi do mi so do mi. Ule wa pili ni kodi inayojengwa juu ya noti ya pili ya ngazi, re, ikiwa na noti ya saba kutoka hapo ndani yake, wa tatu ni kodi ya tano, ya so, nayo ina saba, halafu nyumbani kwenye kodi ya kwanza, ya do. Mbili, tano, moja! Hiyo ndo njia ambayo mpiga jazz yeyote anaifanyia mazoezi kwenye funguo zote 12 mpaka vidole vinaijua usingizini, na Bach kaiweka kwenye mistari minne ya mwanzo mwaka 1722. Kwahiyo Loussier hakuleta kitu cha kigeni, mara nyingi anaanza kupiga kama ilivyoandikwa, kisha besi inaanza kutembea, dramu zinaingia, na zile noti fupi mbilimbili haziwi sawa tena, ya kwanza inavutwa ya pili inachelewa, alafu ndo anaondoka kwenye karatasi huku kodi zikibaki zilezile.

Na hata kule kuondoka kwenye karatasi ni kwa zamani sana aisee. Enzi za Bach mpiga kinanda wa kusindikiza alikuwa anapewa mstari wa besi na tarakimu juu yake, kodi anajaza mwenyewe palepale, sawasawa na mpiga jazz anavyopewa melodi na alama za kodi. Mwaka 1747 Bach alienda Potsdam kwa mfalme Frederick wa Prussia, akapewa wimbo asioujua akatunga fyuga, yaani sauti zinazoingia moja baada ya nyingine na kufukuzana kwa wimbo uleule, ya sauti tatu hapohapo kwenye kinanda. Mtoto aliyekulia Ugogoni akisikia hilo hashangai, maana mpiga ilimba, kile kinanda cha Wagogo cha vyuma, naye anashika mzunguko mmoja kwa vidole gumba anaupindapinda kadiri sauti yake inavyomtuma.

Kazi ya Loussier haikunyooka moja kwa moja. Mwaka 1978 kundi lilivunjika, akabaki na studio yake Miraval, kusini mwa Ufaransa, ambako bendi ya rock Pink Floyd walirekodi sehemu ya albamu yao The Wall, halafu 1985, Bach akitimiza miaka 300 tangu azaliwe, akarudi na kundi jipya na kuja kugusa Vivaldi, Satie na Debussy. Alifariki Machi 2019. Mimi binafsi napenda zaidi zile rekodi za mwanzo, besi ya Michelot inapumua.

Mwimbaji wa Marekani Nina Simone naye alitaka kuwa mpiga piano wa klasiki, chuo cha muziki cha Curtis Institute kikamkataa 1951, akaishia kupiga baa ya Atlantic City na kuambiwa aimbe pia, lakini sikiliza piano katikati ya wimbo Love Me or Leave Me aliourekodi yeye, mkono wa kushoto unafukuzana na wa kulia kama fyuga kabisa.

Kwahiyo wazazi, msimtoe mtoto kwenye Bach na wala msimkataze jazz. Wiki hii mwambie apige ile mistari minne kama ilivyo, kisha aihamishie kwenye funguo za F na G kwa masikio bila kuandika, alafu mkono wa kushoto ushike besi peke yake na wa kulia utafute melodi yake. Akikosea noti mwacheni aendelee.