Digrii na masta ya afya ya jamii kwa miaka 5 sio masomo ya kuchakachua

Mimi kazi yangu ni kushauri vijana wanaotaka kwenda kusoma nje, nipo hapa Tanga, na kila matokeo ya form six yakitoka naletewa lilelile. Mzazi anakaa, anamaliza salamu, alafu anashusha sauti: mwalimu, hii ya Marekani ya digrii na masta ya public health kwa miaka 5, si wameyapunguza masomo? Si masta feki hiyo? Naandika hapa ili nisirudie tena, nimechoka kiukweli.

Hayajapunguzwa. Hebu tupige hesabu maana maneno matupu naona hayaingii. Digrii ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti 120, miaka 4. MPH, yaani hiyo masta ya public health, yenye ithibati ya CEPH, hao ndo wanaokagua shule za afya ya jamii, haiwezi kuwa chini ya krediti 42 na wengi wanaisoma miaka 2. Jumla 162. Sasa ukifika mwaka wa 4 chuo kinakuruhusu uchukue kozi kadhaa za masta zikae pale ambapo ungeweka zile kozi za kujichagulia, na zinahesabiwa kotekote, tuseme chuo chako kinaruhusu krediti 12, basi unachosoma kwa jumla ni 150. Digrii ina 120 zake kamili, masta ina 42 zake kamili, hakuna kilichochakachuliwa hapo, na zile 30 za masta zilizobaki unazimaliza mwaka wa 5, mara nyingi na likizo ya kiangazi nayo inaliwa. Mafunzo kwa vitendo yapo palepale, kazi ya mwisho ipo palepale. Hii sio waja leo waondoka leo.

Kwa hiyo cha kuogopa sio ufeki, ni mzigo. Kijana bado hajamaliza digrii ya kwanza anakaa darasa moja na nesi aliyefanya kazi wodini miaka kibao, na vyuo vingi vinataka upate angalau B ndo kozi ihesabiwe pande zote mbili. Na hapa nitasema hata kama mnanichoka: nyie wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) acheni kuidharau BAM, zile hesabu zenu! Kinachowatoa watu jasho kwenye MPH ni bayostatistiki (takwimu za afya) na epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea), sio kukariri dalili za kipindupindu. Akija mtu ananiambia anapenda afya ya jamii ila hesabu hapana, namwambia achukue takwimu mwaka wa kwanza kabisa, asisubiri wa tatu, maana maombi ya kuingia masta kwa kawaida yanafanyika mwaka wa 3 na wanachoangalia ni GPA, yaani wastani wa alama, uliyokuja nayo mpaka hapo, vyuo vingi hawataki chini ya 3.0 kati ya 4.0 yao.

Nikisema hivyo mzazi anashtuka, kumbe alijua mtoto akipokelewa digrii basi masta kashapata. Hajapata. Anaomba upya, na anaweza kukataliwa akabaki na digrii yake tu, ambayo nayo ni digrii halali.

Alafu hiyo "haraka" ya kumaliza kwa miaka 5 badala ya 6 ni haraka ya kwao. Pale MUHAS, chuo cha afya Muhimbili, digrii ya sayansi ya afya ya mazingira ni miaka 3, weka masta ya miaka 2 juu yake, ni 5 hiyohiyo. Kwa hiyo kama sababu pekee ya kupanda ndege ni kuokoa mwaka, baba, mwaka wenyewe haupo.

Wengine wananiambia, "Akirudi atakuwa daktari." Hapana. MPH haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Huyu ndo anafuatilia kipindupindu kimeanzia kisima gani, au anachambua data za majaribio kama yale ya chanjo ya malaria RTS,S yaliyofanyika Korogwe na Bagamoyo kuanzia 2009. Ukitaka mtoto wa kukupima presha nyumbani peleka MD, digrii ya udaktari.

Kutambuliwa huku je? Vyeti vya nje vinapitia TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, na kabla ya kuomba angalia mwenyewe kama programu ipo kwenye orodha ya CEPH, ipo wazi, dakika 5 tu.

La mwisho ni hela, na hili ndo linaloumiza watu kimyakimya. Skolashipu nyingi za digrii ya kwanza zinaishia semista 8. Mwaka wa 5 unahesabiwa mwanafunzi wa masta, ada ni ya masta, na mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anahitaji I-20 mpya, ile fomu inayotolewa na chuo, maana ake unaonyesha tena hela ya kulipia iko wapi. Muandikieni ofisi ya skolashipu muulize semista ya 9 analipa nani, na jibu mniletee la maandishi, la kuambiwa na binamu aliyeko Texas mimi silipokei.