Je, wajua kwa nini Winchester walitengeneza bunduki inayokokiwa kwa kuukamata mtutu?

Itazame ubavuni bunduki yoyote ya marisawa ya nusu otomatiki, ile ambayo wengi tunaiita shotigani tu. Karibu na tundu linalotema maganda utaona kijimkono cha chuma. Ukikivuta nyuma na kukiachia, umeshakoki. Sasa ishike Winchester Model 1911 SL. Utaigeuza huku na huku na kijimkono hicho hutakiona. Badala yake, kwenye mtutu wenyewe, mbele ya ubao wa kushikia, kuna sehemu iliyochongwa ikakwaruza kama tupa. Hapo ndipo pa kushika. Unaukamata mtutu na kuusukuma kwa nguvu uingie nyuma, na bunduki imekokiwa.

Si kwamba mafundi wa Winchester, kampuni kubwa ya New Haven, Connecticut, walishindwa kubandika kipande cha chuma ubavuni. Walizuiwa na sheria, na aliyekuwa na sheria hiyo mkononi ni mtu waliyekula naye sahani moja kwa miaka karibu 20.

Mtu huyo ni John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah. Tangu 1883 alikuwa akiwauzia Winchester ubunifu wake kwa mtindo mmoja: analeta mfano, analipwa fedha taslimu, mambo yamekwisha. Model 1887, inayokokiwa kwa wenzo ulio chini, ni kazi yake. Model 1897, ile ya kuvuta na kusukuma ubao wa mbele, ni yake pia. Lakini alipobuni bunduki ya marisawa inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa, alijua ana dhahabu mkononi. Safari hii hakutaka malipo ya mkupuo. Alitaka mrabaha, yaani fungu lake katika kila bunduki itakayouzwa. T. G. Bennett, mkuu wa Winchester, alikataa.

Browning akaibeba bunduki yake kwenda kwa mshindani wao, Remington. Tarehe 8 Januari 1902 alikuwa ofisini kwao akisubiri kuonana na Marcellus Hartley, rais wa kampuni, alipoambiwa kuwa mzee huyo amefariki ghafla kwa moyo. Hakukata tamaa. Alipanda meli hadi Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN, na huko ikazaliwa Auto-5, iliyoendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990. Remington nao hatimaye walipata leseni na kuanza kuiuza Marekani mwaka 1905 kwa jina lao.

Winchester wakabaki mikono mitupu. Soko lilitaka bunduki ya aina hiyo, nao hawakuwa nayo. Kazi ya kuibuni wakampa mhandisi wao, Thomas Crossley Johnson, na ugumu wake ulikuwa mkubwa: kila njia nyepesi ilikuwa imeshazibwa na hataza za Browning, yaani haki za kisheria za mbunifu. Kijimkono cha ubavuni kilikuwa mojawapo.

Ili uone ujanja wa Johnson, lazima ujue Auto-5 inavyofanya kazi ndani. Nyuma ya mtutu kuna chuma kinachouziba risasi inapolipuka, tukiite komeo. Baruti ikiwaka, mtutu na komeo hurudi nyuma pamoja vikiwa vimeshikana, umbali unaozidi urefu wa risasi nzima. Hapo komeo hunaswa. Mtutu unarudi mbele peke yake, ganda tupu linatemwa, kisha komeo linafuata likisukuma risasi mpya ndani. Johnson akawaza hivi: kama vitu hivyo viwili hutembea pamoja, kuna haja gani ya kulishika komeo? Shika mtutu, utalivuta komeo huko ndani bila kuligusa. Hataza haikusema lolote kuhusu mtutu. Kwa hesabu za mwanasheria, hapo alama zote ni zake.

Lakini bunduki haitumiwi na mwanasheria. Inatumiwa na mwindaji wa bata aliyesimama kwenye kinamasi alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Na risasi za marisawa zama hizo zilikuwa na maganda ya karatasi ngumu. Karatasi ikinyonya unyevu huvimba, na risasi iliyovimba hukwama kwenye chemba. Kwenye bunduki nyingine ungeng'ang'ana na kijimkono huku mtutu ukitazama kando. Kwenye hii, mtutu wenyewe ndio mkono. Spring ni ngumu, viganja vinateleza, kwa hiyo mtu anafanya kile ambacho mwili unamtuma: anasimamisha kitako chini, anainama, anaukamata mtutu kwa mikono yote miwili na kuukandamiza chini. Mdomo wa bunduki unamtazama usoni, na risasi nzima imo ndani.

Wamarekani wakaibandika jina ambalo halijabanduka hadi leo: Mtengeneza Wajane.

Na si mtutu tu uliowaponza. Ndani ya bunduki mlikuwa na pete za nyuzinyuzi ngumu za kupunguza kishindo cha mtutu unaporudi. Pete hizo zilichakaa na kumegeka, na zikishamegeka, chuma kinagonga chuma na ubao wa kitako unapasuka. Uzalishaji ulisimama mwaka 1925, baada ya bunduki zinazokaribia 83,000.

Ukiniuliza, simwoni Johnson kuwa fundi mbovu. Mwaka mmoja tu baadaye, 1912, akiwa hana hataza ya kuikwepa kila anapogeuka, alitoa Model 1912, ya kuvuta na kusukuma. Hiyo ilidumu kiwandani zaidi ya miaka 50, na idadi yake ilikaribia milioni mbili.

Siku hizi maganda ya risasi ni ya plastiki, hayavimbi. Lakini Model 1911 zilizosalia kwa wakusanyaji wa silaha za kale hazikuota kijimkono. Anayetaka kuikoki, mpaka leo, anaweka kiganja palepale penye tupa.